Mjomba Hainamishi Kichwa

Jumatatu, 3 Machi

Sijamwambia mtu hili, hata mama: napenda mjomba anavyonitania. Nikinuna, nanuna makusudi ili aendelee. Mama humkaripia mdogo wake — mwache mwanangu! — nami natazama chini kama nimeonewa. Moyoni nacheka.

Tangu nimalize shule nashona vifungo kwenye chumba chake cha ushonaji. Humo jina langu ni Redio, kwa kuwa siongei. Leo mteja amenisalimia, nikaitikia kwa kichwa. Mjomba akamwambia asihangaike, betri zimeisha. Nimejichoma sindano kwa kuzuia kicheko.

Jumanne, 4 Machi

Mjomba anaumwa kichwa. Amefunga dirisha, amezima hata taa ya cherehani. Nikamuuliza utaonaje uzi? Akasema mwanga unamchoma. Basi. Siku nzima hakunitania hata mara moja!

Jumatano, 5 Machi

Homa. Amemeza vidonge, akaja kazini hivyo hivyo, mbishi. Shati la mteja wetu seremala ameshona mkono ukaziba pande zote mbili. Hauingiliki wala hautokeki! Seremala alicheka mpaka akakaa sakafuni. Akasema huyu jamaa ataniua siku moja. Mjomba hakucheka. Alilitazama lile shati kama limeshonwa na mtu mwingine, kisha akaniita jina langu la kwenye cheti. Seremala akaangua upya. Mimi sijazoea, kwake ni Redio siku zote.

Na kitu kingine. Hainamishi kichwa. Anashika kitambaa, anakiinua mpaka usoni. Fundi gani anashona hewani?

Jioni nikamwambia mama. Mdogo wangu namjua, akasema, hizo ni sarakasi zake.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi alitapika, akamwita mama "mwalimu". Mama hakuona sarakasi tena. Hospitali.

Kipimo cha malaria: hakuna kitu. Daktari ni dada mwembamba, anamung'unya pipi. Akauliza, mgonjwa amebadilika vipi? Mama akasema ni homa na kichwa, mengine ni utani, ndivyo alivyozaliwa.

Nikanyamaza. Nikanyamaza tena. Halafu nikasikia mtu anasema, shikamoo daktari — kumbe ni mimi, na nilishamwamkia mlangoni! Aibu. Lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikamweleza dirisha, shati, kitambaa kinachoinuliwa.

Akaacha kuandika. Akamlaza chali, akamwinua kichwa taratibu. Shingo ngumu kama ubao. Magoti ya mjomba yakajikunja yenyewe! Akammulika macho, akampima nguvu za mikono. Akasema anashuku homa ya uti wa mgongo: utando unaofunika ubongo na uti umevimba. Atachukua damu, na dawa ya mshipani inaanza sasa hivi, haisubiri jibu. Ila anataka pia maji kidogo ya mgongoni. Huenda ni bakteria, huenda virusi, kifua kikuu au fangasi, na dawa ya huyu si ya yule.

Mama akasimama. Sindano ya mgongo? Apooze? Huyu nimembeba mimi!

Daktari hakukasirika. Akachora mgongo kwenye boksi la glavu. Uti unaishia hapa juu, dada yangu. Mimi naingia huku chini, siugusi. Mama akanigeukia. Wewe unasemaje?

Mimi! Hata rangi ya viatu vyangu huwa anachagua yeye.

Nikasema achomwe. Sauti ilitoka kama ya kifaranga, lakini ilitoka. Mama akafuta macho, akakubali. Alitetemeka mno, wakamtoa nje. Nikabaki mimi wa kumshika mjomba.

Alilazwa ubavu, akakunjwa magoti kifuani. Muuguzi miguuni, mimi mabegani. Daktari akasema asitikisike hata kidogo. Matone yakaanza kutoka. Akainua kichupa kwenye mwanga, akaacha kumung'unya. Yanatakiwa yawe maangavu kama ya kunywa, akasema. Haya yana ukungu.

Ijumaa, 7 Machi

Darubini imewaona bakteria. Maabara wanawaotesha, kama mtu anavyootesha miche, wajue ni dawa ipi itakayowamaliza. Daktari anasema tumewahi. Nikauliza tumewahi vya kutosha? Akanipa pipi. Sijaila.

Mama ameniletea blanketi, akanifunika mimi badala ya mgonjwa. Tukacheka kidogo, kwa kuibia.

Sasa hivi mjomba amefumbua macho. Muuguzi anamuuliza yuko wapi. Anatazama dari. Anamuuliza, na huyu binti aliyekaa hapa ni nani? Mjomba ananitazama. Midomo inasogea, haijapata neno. Mama amenibana mkono, nisimwambie, atafute mwenyewe.

Anatafuta bado.

Wewe daftari usimwambie mtu, na hasa yeye, maana akipona atakana mpaka mbinguni: jana sindano ilipoingia alinishika kidole akaniita mama. Nami nikaitika.