Ng'ombe wa Baba Kwenye Kompyuta

Mpanda, Alhamisi. Mvua imenyesha tangu asubuhi, imekatika saa nane hivi. Nimetoka kazini mapema kwa sababu jenereta ya ofisi imezimika na fundi hajulikani alipo. Sina hasira leo. Nimechoka tu, na nina aibu, na nataka kuandika yote kabla sijaanza kujitetea.

Nilianza vizuri. Kwenye mradi wa maji ninakofanya ukarani, injinia wetu, mzungu mmoja mpole, aliweka kwenye kompyuta programu ya hesabu za nyumbani. Unaingiza mshahara, matumizi, akaunti ya benki na vitega uchumi, yenyewe inakujumlishia mali yako yote mahali pamoja. Alisema kwao kompyuta inapiga simu benki yenyewe na kuleta salio. Nikacheka. Hapa kwetu simu ni ya kubahatisha, kwa hiyo anayekwenda benki ni mimi, kwa miguu, na kitabu changu mkononi. Nasubiri kwenye foleni waandike salio, narudi ofisini, nachapa. Lakini ilinipa raha. Kila mwisho wa mwezi nilijiona mtu.

Halafu nikawaingiza ng'ombe wa Baba.

Sisi ni Wasukuma, tulihamia huku na mifugo nikiwa mdogo. Ng'ombe wa Baba hawakai zizi moja. Wachache wako kwake Kakese, wengine amewaweka kwa marafiki zake, Sibwesa na hadi karibu na Kapalamsenga. Anayewatunza anakunywa maziwa, ng'ombe wanabaki wa Baba. Hakuna karatasi. Hata mama yetu, Mungu amrehemu, hakuwajua wote. Mwaka jana Baba alipougua hadi tukakata tamaa, aliniita mimi peke yangu, akanitajia kila rafiki na kila ng'ombe aliye kwake, rangi yake na alama yake. Tumezaliwa saba. Alinichagua mimi. Sikulala siku ile kwa furaha.

Niliogopa kusahau. Hiyo ni sababu, ila siyo yote. Nilitaka pia kuona jumla. Nikamfungulia kila rafiki wa Baba akaunti yake, kama vile ni tawi la benki, na kwenye nafasi ya maelezo nikaandika kila kitu: mtamba mwenye doa usoni, jike jeusi lenye pembe ya kushoto iliyovunjika. Jumla ilipotokea nikashika kichwa. Nikachapisha karatasi, nikaenda nayo nyumbani, nikaitia ndani ya Biblia.

Jumapili mbili zilizopita kaka yangu Masanja alikuja kunywa chai. Alichukua Biblia atafute somo lililosomwa kanisani, nami nikatoka uani kuangalia birika. Karatasi aliondoka nayo.

Masanja anataka kufungua duka, wote tunajua, na Baba amemkatalia mara tatu. Akaenda Sibwesa kwa Mzee Lubinza, rafiki wa Baba. Mzee Lubinza hajui kusoma, wala si mtu wa kubabaishwa na karatasi. Kilichomshinda ni ile pembe ya kushoto. Nani angeijua kama hajatumwa na Baba? Akamtolea ng'ombe wote saba, akamsindikiza mpaka njiani. Masanja akawauza mnadani.

Jana Baba alikuja kwangu. Nilitegemea matusi. Hakumtaja Masanja kabisa. Aliuliza kama kuna karatasi nyingine. Nikamwambia zote zipo ndani ya kompyuta, imefungwa kwa neno la siri. Akauliza neno hilo analijua nani. Nikasema mimi, na injinia, na mwenzangu wa ofisini akihitaji kutumia mashine. Nilijisikia mwenyewe nilivyokuwa naongea ujinga.

"Mayu," akasema, yaani mama, kama anavyoniita tangu utoto, "mimi nilikuambia wewe. Sikukutuma uandike."

"Nisamehe, Baba."

"Nimeshakusamehe. Ila ng'ombe lazima wahame."

Akanywa maji, akaondoka.

Leo mvua ilipokatika nimepanda baiskeli hadi Kakese kumpelekea sukari. Sikumkuta. Jirani ameniambia Baba ameondoka alfajiri kwenda kuwahamisha ng'ombe wote, kwa watu wapya, na huenda akachukua wiki mbili au zaidi. Na hakwenda peke yake. Ameenda na mdogo wangu Kabula, ambaye hakukanyaga shule hata siku moja kwa sababu alibaki kuchunga ili mimi nisome.

Nimeona wivu. Naandika hivyo hivyo. Namwonea wivu Kabula, ambaye hata barua zake namsomea mimi.

Kompyuta bado ina jumla ile ile, safi kabisa, na baada ya wiki mbili haitakuwa na hata mstari mmoja wa kweli. Ng'ombe watakuwepo. Mimi ndiye sitajua walipo.

Nimelia kidogo njiani nikirudi.

Kabula akirudi miguu itakuwa imemvimba. Nitamchemshia maji ya kuoga, nitampikia wali, nitampisha kitandani kwangu alale. Wala sitamuuliza wamepita wapi.