Kesho Thea anakuja kwako

Verna, haya kanieleza Thea mwenyewe jioni hii, tukinywa supu ya mahindi. Mjukuu wangu huyu wa chuoni, anayesomea historia. Profesa wao kawatuma wawahoji wazee, naye kachagua mgomo wetu wa kiwanda cha nyanya.

Kaniuliza tulikuwa wapi matairi ya gari la meneja yalipotobolewa. Nikajibu kama siku zote, mimi na wewe tulikuwa kwenye mazoezi ya kwaya.

"Mliimba nini, Bibi?"

Nikasema za Krismasi.

Kanitazama. "Mwezi wa nane?"

Mwezi wa nane, shoga. Hata polisi hawakuuliza tuliimba nini.

Nikamwambia, mimi bibi yako, huniamini? Akacheka. "Nakuamini, Bibi. Ila tunafundishwa shahidi mmoja hatoshi. Kesho namuuliza Bi Verna."

Na mjane wa meneja bado anakaa nyuma yetu kanisani.

Sema tulianza mazoezi mapema. Usiongeze neno.

Usinipigie, andika. Thea kajilaza kwenye kochi kafumba macho, lakini simu yake iko mezani na inarekodi bado.

Sasa anakoroma kama babu yake. Basi huyu binti kalala kweli.