Mtoto wa Elisante Amelala Elerai

Jumapili. Ukungu umeufunika mlima tangu alfajiri, na manyunyu yanaanguka migombani.

Niwieni radhi, nyote msomao hapa. Tangu kabla ya Kwaresima sikuandika neno. Sikuwa mgonjwa. Kila nilichotaka kuandika kilikuwa hasira, na hasira haimfundishi mtu.

Mjukuu wangu Elisante, ninayemlea, ana miaka kumi na saba. Upendo, binti wa mtaa wa Kijenge anayemzidi mwaka mmoja, alipata mimba yake. Sikufurahi, na nilimkaripia vikali. Lakini hakuikana. Uchungu ulipoanza, yeye ndiye aliyempeleka kituo cha afya, huku amebeba beseni na kanga.

Muuguzi alimuuliza yeye ni nani. Akajibu kwamba ni baba wa mtoto.

"Baba? Wewe?" Wauguzi wenzake wakacheka. "Ndevu zenyewe bado hujaota! Toka hapa, kamlete mtu mzima."

Akatii. Akapanda huku mlimani kunifuata.

Tuliporudi, mtoto alikuwa amezaliwa, amepumua kidogo, na amefariki. Mwili ulikuwa umekabidhiwa kwa mjomba wa Upendo.

"Shikamoo, mzee. Pole sana," alisema muuguzi yuleyule. "Baba hakuwepo, ndiyo maana tukampa mjomba."

"Baba ni huyu hapa, sista."

"Huyu? Si nilimwambia alete mtu mzima?"

"Ndiyo. Amenileta."

Aliinamisha macho. Hakumpa Elisante pole, wala hakumwambia kama mtoto alikuwa wa kiume au wa kike. Hilo alikuja kulisikia kwa Upendo.

Wa kiume.

Tulipompata mjomba, alikuwa amekwisha kumzika kwenye kiwanja chake Elerai. Sasa amemwaga mawe na mchanga hapo. Anataka kujenga vyumba vya kupangisha.

Kwetu Wameru, mtoto hulazwa katika kihamba, shamba la ukoo wa baba yake. Elisante anataka kumleta mwanawe nyumbani, na Upendo anataka hivyo pia. Wazee wa ukoo watakaa Jumamosi. Wapo wanaosema kwamba kichanga ambaye hakupewa jina hasumbuliwi kaburini.

Katika kikao hicho, kijana ambaye hajaoa haingii. Huketi nje, na mkubwa wake humsemea. Ndiyo desturi yetu, nami nimeisimamia miaka yote bila kuyumba.

Jana, tukikata majani ya ng'ombe, aliniuliza bila kuinua kichwa: "Babu, na huko nako nitaambiwa nimlete mtu mzima?"

Niliendelea kukata majani.

Nikimwingiza, wazee watasusa, na mtoto atabaki Elerai chini ya sakafu ya mpangaji. Nikimwacha nje, huenda mtoto akaja nyumbani, lakini nitakuwa nimelirudia lile la muuguzi, tena mbele ya ukoo mzima.

Ninamlaumu yule mwanamke kwa haki. Je, Jumamosi jioni bado nitakuwa na haki hiyo?

Nikishaamua, nitaandika. Ila atakayeusikia uamuzi huo kwanza ni baba wa mtoto.