Majibu Mazuri ya Baba

Hosteli ya wauguzi
Tarehe 4 Machi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa mlangoni pa kibanda chako cha viatu na misumari mdomoni kama kawaida. Mimi sijambo, ila miguu inaniwaka moto, maana huku hatukai. Nimekubali tuandikiane kwa sababu umesema simu inakuumiza sikio, lakini ujue nimenung'unika. Barua nampa dereva wa basi la kwetu, fanya hivyohivyo na wewe.

Nimehamishiwa wodi ya wagonjwa wa moyo na presha, na humo ndimo nitakamofanyia mtihani wa mwisho. Baba, kazi hii ni ya macho na masikio kuliko sindano. Mgonjwa akiingia, kabla hajavua shati tunamtazama: anapumua vipi, amekaa vipi, midomo ina rangi gani. Halafu tunauliza. Unalalia mito mingapi? Ukipanda mlima unasimama njiani? Viatu vinakubana jioni? Anayesema hawezi kulala mpaka akae kitako, huyo hatumwachi arudi nyumbani, maji yameshaingia mapafuni. Tunampa dawa ya kutoa maji, siku hiyo anashinda chooni, kesho yake miguu imesinyaa, analala chali na kutucheka.

Sasa zamu yako. Presha hiyo najua uliirithi kwa bibi pamoja na ubishi. Unameza dawa kila siku, au unangoja mpaka kichwa kiume? Unalalia mito mingapi? Bonyeza mguu juu ya kifundo kwa kidole gumba; shimo likibaki, niambie. Ukijibu vibaya hata swali moja, nafunga begi naja.

Nijibu upesi, na usinipige chenga.

Binti yako


Kibandani
Tarehe 13 Machi

Daktari wangu,

Marahaba mwanangu, marahaba sana. Mimi ni mzima, wa kuhurumiwa ni wewe unayesimama kutwa. Najua wewe si daktari bali ni muuguzi, umenisahihisha tangu mwaka juzi, lakini baba akishampa mtoto jina hakuna wa kulifuta. Nisamehe kuchelewa kujibu, kazi zimenibana.

Haya, majibu. Dawa nameza kila asubuhi na chai. Nalalia mto mmoja, tena ule mwembamba uliotoboka. Nimebonyeza mguu, nyama imerudi juu kama mpira. Kilima cha sokoni nakipanda huku napiga mluzi. Kwa hiyo hilo begi liache chini ya kitanda.

Wateja wananiletea viatu vilivyooza wanataka vifufuke. Mimi mwenyewe nimejishonea makubazi mapya, mapana, gidamu, zile kamba za juu, nimeziacha legelege, maana ngozi ya siku hizi inabana vibaya ikipata joto. Nimeshayapanua mara mbili. Mama wa dukani ananicheka, anasema natembea kama bata. Na siku hizi nawaona watu wote wanaowahi kazini, maana kiti changu nimekiweka dirishani, na alfajiri pale pana upepo mzuri.

Wewe soma. Safari hii usigeuke nyuma.

Baba yako


Hosteli
Tarehe 22 Machi

Baba,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali, maana nimeshaijua.

Barua yako niliwasomea wenzangu, tukacheka pale kwenye bata. Jana akaletwa bibi mmoja wodini. Sista mkuu akaniambia nisimguse kwanza, nimsikilize tu akijieleza. Bibi akasema, "Mimi... sina... neno... mwanangu," na kila neno alilitafutia pumzi yake. Sista akasema mgonjwa anaweza kukuficha kila kitu, lakini akifungua mdomo pumzi inamuumbua. Nikamtazama miguuni. Alikuwa amevaa ndala za mwanawe wa kiume, kwa sababu zake hazimwingii.

Baba, nilikimbilia chooni kulia. Umeshona viatu tangu sijazaliwa, unajua fika kwamba ngozi inalegea kadiri inavyovaliwa. Haibani. Mguu ndio uliokua. Na hicho kiti cha dirishani, unakikalia alfajiri, au ndipo unapolala? Na sikio lako lina nini? Barua hazina pumzi, ndiyo maana umezipenda ghafla.

Nenda kituo cha afya leo hii. Waambie ukweli, usiwatanie. Kisha azima simu ya mama wa dukani unipigie, nikusikie. Usipofanya hivyo nakuja. Mtihani ni tarehe nne mwezi ujao, na sijali.

Binti yako mwenye hofu


Kibandani
Tarehe 25 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Umenipata. Mtu mzima nimekamatwa kwa sababu ya makubazi.

Ni kweli, miguu ilivimba kidogo, na kiti nilikuwa nakilalia mara mojamoja. Lakini nilikwenda kituo cha afya siku ileile barua ilipofika. Muuguzi, msichana mkali kama wewe, alinifunga kile kitambaa cha presha mkononi, akanipima uzito, akanisikiliza mgongoni, akanigombeza. Nikapewa dawa ya kutoa maji. Mwanangu, nimeshinda chooni kutwa! Leo miguu imesinyaa, makubazi yananivuka, na nimelala chali. Nilikupigia mchana kwa simu ya mama wa dukani, haikupokelewa. Muulize na yeye, atakwambia nilivyo.

Fanya mtihani wako. Ukija kabla, sifungui mlango.

Baba yako aliyepona


Wodini
Tarehe 4 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Leo siwezi kukuandikia kwamba sijambo. Naandika sentensi moja, napumzika, naandika nyingine, kwa hiyo mwandiko usiucheke. Sasa hivi umo kwenye mtihani. Nimemwomba muuguzi wa hapa asimpe dereva barua hii mpaka jioni, ukishamaliza.

Kituo cha afya sikwenda. Yale yote niliyatoa kwenye barua yako ya kwanza. Uliniandikia mgonjwa anayepona anakuwaje, nami nikanakili. Nilikupigia mchana kwa kuwa najua mchana simu zenu mnazifungia kabatini. Mama wa dukani nilimwapisha akwambie kwamba mimi ni mzima. Usimlaumu, ndiye aliyenileta hapa jana nilipoanguka.

Majibu ya kweli ni haya. Silali ila nimekaa, na hilo lilianza kabla hujaniuliza. Nikibonyeza mguu shimo linabaki, naweza kwenda kumhudumia mteja nikarudi nikalikuta. Kilima cha sokoni sijakipanda siku nyingi. Dawa nilikuwa nameza leo, kesho naacha, maana zilinichosha. Naona aibu, kwa sababu ulinifundisha vizuri.

Mwanangu, mama yako alipougua uliacha chuo ukaja kumuuguza, na chuo kikakufungia mlango miaka yote ile. Nilikuwa nakuona ukiosha vyombo, uso umekufa. Nikaapa kwamba sitakuwa mimi wa kukunyima tena. Lakini sasa umemaliza. Njoo. Nataka unipime wewe. Hawa wananipima vizuri, ila hawajui kunigombeza.

Baba yako


Nyumbani
Tarehe 19 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Nimekuamkia kwa sauti leo asubuhi pale kibandani kwako, mama wa dukani akaanza kulia upya.

Barua yako niliipata tarehe tano, nikapanda basi lilelile lililoileta. Nilikuta kitanda kimeshatandikwa shuka safi. Muuguzi aliniambia ulikuwa ukimuuliza kila mara kama mtihani umekwisha, na kwamba ulimfundisha aanze na swali la mito kabla ya kipimo cha presha, kwa sababu binti yako ndivyo anavyofanya. Nilimshukuru. Kisha nikakaa juu ya kile kitanda nikalia kama mtoto.

Tumekuzika. Ndugu walifika wengi, sasa wamerudi makwao. Wateja wanakuja kuchukua viatu. Hata ambavyo hukuwahi kuvigusa wanavichukua hivyohivyo na soli zinaning'inia, wanasema watatafuta fundi mwingine baadaye.

Matokeo yametoka, nimefaulu. Kwenye mtihani wa vitendo nilipewa mzee wa umri wako. Nilimuuliza maswali yote, nikambonyeza miguu, nikamsikiliza akiongea. Msimamizi akanisifu mbele ya wenzangu kwamba hakuna dalili iliyonipita. Nilisema asante. Wiki moja kabla ya hapo mama wa dukani alikuwa ameniambia kwenye simu kwamba uko mzima na unapiga nyundo, nami nikaamini, kwa kuwa nilitamani mno iwe kweli.

Nimekukasirikia, Baba. Nakupenda na nimekukasirikia, vyote viwili kwa pamoja.

Mtihani ule hurudiwa. Anayekosa Aprili anaufanya Septemba. Ukiwa na mgonjwa nyumbani unawaambia tu chuoni, wanakuruhusu, wanakupa na pole. Ungeniuliza ningekujibu kwa mstari mmoja. Na sijui nani alikwambia kwamba chuo kilinifungia mlango. Hakikunifungia hata siku moja. Mama alipofariki waliniita nirudi mwezi uleule. Huo uso uliokuwa ukiuona nikiosha vyombo ulikuwa wa kumlilia Mama. Nilibaki kwa hiari yangu, kwa sababu ulikuwa huli, na kwa sababu kukaa na wewe jioni, wewe na nyundo yako na mimi na kitabu changu, kulinipendeza kuliko kitu chochote. Hukuninyima chochote, Baba. Ile miaka niliipenda.

Binti yako