Kichaka Ambacho Sikukichoma

Hasamba, Oktoba 1948

Kaondoka bila hata kuaga, na Yohana ni kaka yangu wa tumbo moja.

Alitaka tuchome kichaka changu cha bondeni, ili ndezi wakitoka wapigwe marungu. Nikamwambia, "Kaka, nyama nimeacha. Na humo kichakani ndiko kwao."

"Basi uwe unakula na hao panya wako!"

Akachoma upande wake. Jioni nyama ilinukia mpaka huku, na watu wakaimba. Hakuna aliyekuja kuniita. Mke wangu alikwenda, hajarudi.

Ndezi waliokimbia moto wako nyuma ya nyumba, wanatafuna miwa yangu. Inaniuma, miwa yenyewe haba.

Nimekata muwa mmoja wangu, nimekaa mlangoni. Tunakula.