Tambi za Papai Bichi

Jumapili. Mawingu yametanda juu ya ziwa tangu asubuhi, nami nimeamka na kinyongo na papai.

Hii ni wiki ya tatu mke wangu, Mama Koku, ananipikia kitu anachokiita tambi. Anamenya papai bichi, analikata nyuzi nyembamba, analichemsha kidogo, kisha analimwagia mchuzi wa sangara.

Tambi!

Ni kamba za viatu zilizolowa. Zinateleza kooni bila hata kubisha hodi, na baada ya nusu saa njaa imerudi pamoja na ndugu zake.

Miaka ile ya foleni tuligombania kilo mbili za unga. Leo, enzi hizi za ruksa, maduka ya mjini yamejaa mchele, ngano, na tambi za Ulaya kwenye maboksi yenye picha. Na ndipo daktari ananikuta na kisukari na kuniambia niache nafaka. Mimi, Msukuma, nikae mezani bila ugali! Hiyo ni dhihaka, si tiba.

Kwa hiyo kila Jumapili baada ya misa natoroka kwenda Usagara kwa dada yangu Kabula, eti kuangalia ng'ombe. Kabula hupika ugali wa udaga, muhogo mtupu. Mara ya kwanza nilisita, akanicheka.

"Kaka, daktari kakataza nafaka. Kwani muhogo nao una punje?"

Nikamwona ana akili kuliko daktari. Nikala hadi nikalegeza mkanda.

Ila kidole changu cha mguu wa kushoto hakijali kama nimekula punje au mzizi. Kina kidonda kisichotaka kufunga. Navaa soksi hata ndani ya nyumba, kwenye joto hili, ili Mama Koku asikione. Naogopa. Hilo sijamwambia mtu.

Leo mvua ilinifukuza Usagara mapema. Nikaingia nyumbani kwa mlango wa nyuma na kumkuta Mama Koku jikoni peke yake, sahani mapajani, anakula papai lilelile. Pembeni, mkungu wa ndizi aliotumiwa na kaka yake kwa meli kutoka Bukoba umeanza kuiva bila kuguswa. Mhaya mzima!

"Mbona hupiki ndizi zako?"

"Nikizipika utasikia harufu, Baba Koku, utatamani bure, nazo zinapandisha sukari. Mimi nimeshazoea. Nikupakulie?"

Tumbo lilikuwa limejaa udaga. Nikasema ndiyo.

Nimemaliza sahani nzima huku nikiyaangalia mabega yake yalivyokonda. Zile tambi bado ni chakula cha hovyo, siwezi kuzisingizia utamu. Lakini cha hovyo kuliko vyote mezani leo kilikuwa mimi, na soksi zangu.

Kesho asubuhi, kabla hajawasha jiko, nitazivua mbele yake.