Plagi mfukoni mwa Mama

Saa 11:40 alfajiri. Pikipiki imegoma kuwaka.

Rafiki yangu Thoa, nimeangalia mafuta, nimeangalia betri, mwisho nikaangalia plagi. Haipo! Nikafungua mkoba wa vipuri: na ile ya akiba haipo. Orodha ya vipuri niliibandika mwenyewe kwenye friji, Mama akaisoma.

Mama yuko jikoni anakoroga uji wa mchele, hata hageuki. "Leo tarehe saba kwa kalenda ya mwezi mwandamo. Tarehe yenye saba mtu haondoki, yenye tatu harudi. Hanoi mpaka Hà Giang, peke yako, mara ya kwanza, halafu leo? Utaondoka kesho, mwanangu."

Tarehe saba! Na huyu kafundisha hesabu miaka thelathini!

Nikamjibu kwa hesabu yake. Safari ni ya siku sita. Nikiondoka kesho tarehe nane, nitarudi kumi na tatu, nayo ina tatu. Na likizo yangu inaishia hapo hapo.

Akahesabu kwa vidole. Akarudia.

"Basi usiende kabisa."

Saa 12:25 amepanda baiskeli kwenda sokoni. Plagi zote mbili ziko mfukoni mwake, nimezisikia zikigongana.